Kabla ya kulaumiana nyumbani, iulizeni mita

Ankara ya maji inapofika ikiwa kubwa kuliko kawaida, katika nyumba nyingi mashtaka hutangulia uchunguzi. Baba humwambia mama kwamba maji yanachezewa. Mama humgeukia binti wa kazi kwamba anafua huku koki ikiwa wazi. Wapangaji wanaochangia mita moja hutazamana kwa jicho la shaka, na mwenye watoto wengi ndiye huonekana mkosaji. Watu hununiana, na pengine mtu hupoteza kazi, kwa ajili ya maji ambayo hakuna mkono uliyoyagusa: yalitoka chini ya sakafu katika kiungio kilicholegea, au yaliteremka kimya kimya ndani ya choo usiku kucha wakati wote wamelala.

Dini yetu imetutahadharisha na dhana, ikatuamrisha tuthibitishe kabla ya kumhukumu mtu. Katika jambo la maji, uthibitisho upo uani kwetu na haugharimu chochote. Kinachotakiwa ni mwenye nyumba, na kila mtu mzima anayeishi ndani yake, aijue njia ya maji tangu yanapoingia hadi yanapotoka. Wiki hii, katika ukurasa wetu wa familia, tunaieleza njia hiyo, maradhi yanayoisibu, na yale ambayo familia inaweza kuyafanya yenyewe kabla ya kumwita fundi.

Njia mbili ndani ya nyumba moja

Wazee wetu wa pwani hawakuwa wageni wa elimu hii. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, bado vinaonekana visima, vyoo na vyumba vya kuogea vya Waswahili wa karne nyingi zilizopita. Mjini Unguja, Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alijenga njia ya kuyaleta maji ya chemchemi mpaka mjini. Na hadi leo watu wa Unguja husema mfereji pale ambapo watu wa Bara husema bomba, neno ambalo asili yake ni Kireno.

Liite jina lolote, kila nyumba yenye bomba ina njia mbili. Ya kwanza ni ya maji masafi, nayo husafiri kwa kusukumwa. Ya pili ni ya maji machafu, nayo husafiri kwa kuteremka. Matatizo karibu yote ya mabomba ni moja kati ya haya matatu: maji masafi yametoka njiani kabla ya kufika, maji machafu yamezuiwa yasiendelee, au njia hizi mbili zimekutana. La kwanza hula fedha. La pili huiondolea nyumba heshima. La tatu huleta maradhi, na ndilo ambalo watu wengi hawalijui kabisa.

Maji masafi husafirije?

Bomba la mtaa hufika kwenye mita. Karibu na mita huwapo koki kuu, ambayo ikifungwa nyumba nzima hukatika maji. Kwa utaratibu wa kawaida, kilicho kabla ya mita ni cha mamlaka ya maji. Kilicho baada yake ni cha mwenye nyumba. Kila tone lililokwisha kupita kwenye mita limehesabiwa, liwe limenywewa au limezama mchangani.

Kutoka kwenye mita, maji huenda moja kwa moja kwenye koki za nyumba, au, kama ilivyo katika miji yetu yenye mgao, hupanda kwanza kwenye tanki. Ndani ya tanki huwapo boya linaloelea, lililofungwa kwenye valvu kwa mkono mwembamba. Maji yakipanda, boya hupanda nayo na kuifunga valvu. Yakishuka, boya huteremka na kuifungua. Kutoka chini ya tanki hutoka bomba jingine linaloshuka na kugawanyika kwenda jikoni, bafuni na chooni.

Hapa inafaa tuelewe jambo moja ambalo huwapotezea watu fedha nyingi. Msukumo wa maji, au presha kama mafundi wasemavyo, hutokana na kimo. Haujali ukubwa wa tanki. Maji yaliyo mita 10 juu ya koki huzaa msukumo wa takribani kilo moja katika kila sentimita mraba. Yakiwa mita 3 tu juu ya koki, msukumo ni kama gramu 300. Kwa hiyo tanki la lita 5,000 na tanki la lita 500 yakiwekwa kwenye kimo kimoja, bafu litatoa maji kwa nguvu ileile. Mwenye nyumba anayelalamika kwamba maji yanatoka madogo, kisha akanunua tanki kubwa zaidi na kuliweka palepale, amenunua akiba, hakununua nguvu. Nguvu hupatikana kwa kulipandisha tanki, kwa kuongeza upana wa bomba linaloshuka, au kwa kuweka pampu baada ya tanki.

Hata hivyo, kulipandisha kunahitaji hesabu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tanki la lita 2,000 likijaa ni tani mbili, na la lita 5,000 ni tani tano zilizosimama juu ya vichwa vya watu. Mnara wa mbao, au wa matofali yaliyopangwa bila nondo wala msingi, haufai kubeba mzigo huo, hasa ikiwa watoto huchezea chini yake. Kitako cha tanki la plastiki nacho kinatakiwa kikae chote juu ya sehemu bapa. Likining'inia upande mmoja, hupasuka.

Upana wa bomba nao una siri yake. Bomba la robo tatu ya inchi halionekani kuwa kubwa sana kuliko la nusu inchi, lakini nafasi ya kupitisha maji ndani yake ni zaidi ya mara mbili. Nyumba ambayo bomba kuu la kushuka ni la nusu inchi itakuwa na ugomvi wa kila asubuhi: mmoja akifungua jikoni, aliyeko bafuni hubaki na sabuni mwilini.

Bomba la namna gani?

Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki ndiyo yaliyotumika katika nyumba nyingi za zamani. Ni magumu na hustahimili jua, lakini hula kutu kwa ndani, na kadiri kutu inavyoganda ndivyo njia inavyozidi kuwa nyembamba. Dalili yake ni maji ya rangi ya kahawia asubuhi, yanayosafika baada ya kutiririka kidogo. Pwani, ambako visima vingi vina maji ya chumvi, chuma huliwa haraka zaidi.

Mabomba ya plastiki nyeupe au ya kijivu yanayounganishwa kwa gundi ni mepesi na ya bei nafuu. Hayatakiwi kupitishwa maji ya moto, kwani hulainika, na hayatakiwi kuachwa juani miaka na miaka, kwani hukauka na kuvunjika kama kigae. Yaliyo nje yafukiwe, yafunikwe au yapakwe rangi.

Mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa kuchomewa, ambayo siku hizi yamejaa madukani, hustahimili maji ya moto na hayapati kutu. Ubora wake hutegemea mkono wa fundi. Mashine ya kuchomea hutakiwa kufika joto la nyuzi 260 hivi, na kila ukubwa wa bomba una muda wake. Fundi akiharakisha, kiungio huvuja. Akizidisha, plastiki iliyoyeyuka hujikunja ndani na kuziba nusu ya njia. Mwenye nyumba huona maji yamepungua asijue sababu, kwa kuwa kosa limo ndani ya ukuta.

Mita hutoa ushahidi

Sasa turudi kwenye ile ankara. Usiku, baada ya watu wote kumaliza haja zao, au kabla ya alfajiri, fungeni koki zote za nyumba. Andikeni namba za mita, zikiwamo zile nyekundu zinazoonesha kiasi kidogo. Mita nyingi pia zina nyota au kigurudumu kidogo kinachozunguka hata maji yakiwa machache mno. Subirini saa moja bila mtu kugusa maji. Ikiwa namba zimesogea ilhali tanki lilikuwa limekwisha kujaa, nyumba inavuja, na hakuna mtu wa kulaumiwa. Fanyeni hivyo usiku ambao bomba la mtaa lina maji, kwani siku ya mgao kipimo hiki hakisemi kitu.

Hatua ya pili ni kujua inavuja wapi. Fungeni koki ya bomba linalopanda kwenye tanki, kisha muitazame tena mita. Ikiwa imesimama, kasoro iko kwenye tanki au kwenye mabomba yanayoshuka kutoka humo. Ikiwa inaendelea kuzunguka, kasoro iko kati ya mita na tanki, mara nyingi chini ya ardhi. Tembeeni juu ya njia hiyo na mtazame: udongo uliolowa wakati wa kiangazi, majani yaliyostawi mstari mmoja, sakafu yenye ubaridi usio wa kawaida, au ukuta unaobambuka rangi karibu na chini.

Mshukiwa mkubwa kuliko wote huwa ni choo cha kuvuta. Ndani ya kitangi chake kuna mpira unaoziba tundu la chini. Mpira huo ukichakaa au ukiingiwa na mchanga, maji huteremka ndani ya choo kwa ukimya kiasi kwamba sikio halisikii, na kitangi huendelea kujijaza bila kikomo. Kipimo chake kimo jikoni. Tieni rangi ya biriani kidogo ndani ya kitangi, msivute maji, msubiri dakika 20. Rangi ikionekana chini katika bakuli la choo, mpira umekwisha, na kuubadilisha ni kazi ndogo.

Hasara yake si ndogo. Tuchukulie choo kinachovujisha lita moja katika kila dakika tatu, uzi mwembamba wa maji usioonekana vizuri kwa macho. Kwa saa moja ni lita 20, kwa siku ni lita 480, na kwa mwezi wa siku 30 ni lita 14,400, yaani zaidi ya uniti 14 katika ankara, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000. Tunajua kutokana na mapokezi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi ambacho ni kama robo tatu ya lita au pungufu. Katika maji ya siku moja ya choo hicho wangeweza kutawadha watu zaidi ya 600. Sisi tunaohimizana kutofanya israfu tukiwa kwenye udhu, tuna wajibu wa kuitazama na israfu hii isiyo na mtendaji.

Koki inayodondosha nayo ipimwe badala ya kudharauliwa. Wekeni glasi chini yake. Ikijaa kwa saa moja, na glasi ni robo lita, basi ni lita 6 kwa siku na lita 180 kwa mwezi. Katika koki za kuzungusha, kosa huwa ni mpira mdogo ulio ndani, ambao huuzwa kwa bei ndogo. Fungeni koki kuu, fungueni ile mbovu maji yaliyobaki yaishe, kisha fungueni kichwa chake kwa spana, mtoe mpira uliochakaa na kutia mpya. Jambo la kuepuka ni kuikaza koki inayovuja kwa nguvu zaidi kila siku. Kufanya hivyo hukata mpira na hatimaye hula kiti cha shaba ambacho mpira hukalia, na hapo itabidi mnunue koki nzima.

Na boya la tanki lisisahauliwe. Likitoboka na kuingia maji halielei tena, na valvu haifungi. Mara nyingi hali hii hutokea usiku, kwani watu wengi wakiwa wamelala, msukumo katika mabomba ya mtaa huwa mkubwa. Asubuhi tanki limejaa kama kawaida na ua umekauka, na hakuna aliyejua kwamba lilifurika usiku kucha.

Maji madogo, mshindo na hewa

Si kila udhaifu wa maji ni mgao. Ikiwa koki moja tu ndiyo inayotoa maji madogo na nyingine ziko sawa, fungueni kichujio kidogo kilicho mdomoni mwake, mara nyingi kimejaa mchanga na chembe za chokaa. Ikiwa chumba kizima kimepungukiwa, tazameni koki ya ukutani inayolisha chumba hicho. Pengine mtu aliifunga nusu na kusahau. Ikiwa nyumba yote imepungukiwa, anzeni kwenye tanki.

Yapo mabomba yanayopiga kelele kama yamegongwa nyundo koki inapofungwa ghafla. Maji yaliyokuwa yakikimbia yamesimamishwa kwa kishindo, na nguvu yake imehamia kwenye kuta za bomba. Ikirudiwa miezi mingi, viungio hulegea. Dawa ni kufunga koki polepole na kuyashikiza mabomba ukutani kwa vibanio ili yasicheze.

Mara nyingine tanki limejaa lakini koki haitoi kitu, au hutoa kwa kukohoa. Hewa imekwama sehemu ambako bomba limepanda kisha likashuka, kama kilima. Fungueni koki zote kwa pamoja, mkianza na ya chini kabisa, mziache mpaka hewa itoke. Tatizo likijirudia kila mara, bomba hilo lilipitishwa vibaya na fundi alinyooshe.

Hewa ina jambo jingine. Maji yanaporudi baada ya mgao, hutanguliwa na hewa iliyokuwa imejaa bombani, na hewa hiyo inaweza kuizungusha mita. Ni vizuri basi kuacha koki zote zimefungwa siku za mgao. Na koki iliyoachwa wazi kwa kusubiri maji ni hatari nyingine: maji hurudi watu wakiwa kazini au msikitini, na nyumba hufurika.

Bomba linapovuta badala ya kusukuma

Tumefika kwenye lile jambo la tatu, ambalo ni zito kuliko yote. Tumezoea kudhani kwamba bomba siku zote husukuma. Ukweli ni kwamba bomba lililokatikiwa maji linaweza kuvuta. Maji ya mtaa yanapokatika, yale yaliyobaki bombani huteremka kuelekea mabondeni, na yanapoteremka huacha nafasi nyuma yake. Nafasi hiyo hufyonza chochote kilicho mdomoni mwa bomba, kama mtoto anavyofyonza juisi kwa mrija.

Tazameni sasa hali za nyumba zetu. Mpira wa kumwagilia bustani umetumbukizwa ndani ya ndoo ya maji ya kufulia. Koki ya uani imezama ndani ya dimbwi. Na zaidi ya yote, mpira wa kustanjia uliopo karibu na kila choo cha Muislamu, ambao mara nyingi huanguka na kichwa chake kikalala ndani ya bakuli la choo. Maji yakikatika wakati huo, na mpira huo umeungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, kilichomo ndani ya choo kinaweza kuvutwa hadi kwenye bomba ambalo kesho litajaza mtungi wa kunywa. Si wa nyumba hiyo peke yake, bali hata wa jirani.

Kinga yake ni nyepesi. Mdomo wa koki uwe juu ya ukingo wa beseni, kila mara kuwe na nafasi ya hewa kati yake na maji yaliyo chini. Mpira wowote utolewe ndani ya ndoo kazi inapokwisha. Mpira wa kustanjia uwe na kishikio imara ukutani, na koki ndogo iliyo nyuma yake ifungwe kila baada ya kutumiwa. Koki hiyo ina faida mbili: huzuia maji kurudi, na huondoa msukumo ndani ya mpira. Mipira hii haikutengenezwa ili ikae na msukumo usiku na mchana; ikipasuka watu wakiwa safarini, nyumba hukutwa bahari. Aidha, fundi awekwe kufunga valvu ya kuzuia maji kurudi baada ya mita.

Kwa sababu hiyohiyo, kufunga pampu ya kufyonza maji moja kwa moja kutoka kwenye bomba la mtaa ni jambo baya mara mbili. Pampu hiyo huvuta haki ya jirani, na huvuta uchafu ulioko kando ya kila ufa wa bomba mtaani, pamoja na maji ya mashimo ya vyoo yaliyo jirani nao. Mwenye kutaka pampu aiweke baada ya tanki lake.

Mafakihi wametufundisha kuyachunguza maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Ni kipimo chetu katika tohara, na ni tahadhari nzuri kwa kila maji yanayorudi baada ya mgao: yaacheni yatiririke kwenye ndoo ya kusafishia sakafu mpaka yatakate. Lakini vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havibadilishi rangi wala harufu. Maji yanaweza kufaa kwa udhu na yasifae kunywewa kabla ya kuchemshwa au kutiwa dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake.

Njia ya maji machafu

Maji machafu hayasukumwi na kitu, hivyo mteremko ndiyo roho yake. Bomba la inchi nne litokalo chooni linahitaji kuteremka kati ya sentimita 1 na 2 na nusu kwa kila mita moja. Likiwa tambarare, uchafu hulala. Choo kinachoziba kila mwezi mahali palepale hakihitaji kuzibuliwa tena na tena. Kinahitaji bomba lake lipimwe.

Chini ya kila sinki kuna bomba lililopinda kama shingo ya bata. Watu hulidhani ni pambo, au hulitoa kwa kuwa linakusanya taka. Kazi yake ni kubakiza maji kidogo, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia harufu na wadudu wa shimoni. Chumba cha wageni kisichotumika kikianza kunuka, huenda maji ya shingo hiyo yamekauka tu. Mwageni ndoo ya maji katika bafu na sinki lake. Na sinki likikoroma kila choo kinapovutwa, bomba la kutolea hewa limeziba au halikuwekwa.

Jikoni, adui ni mafuta. Mafuta ya kukaangia yakiwa ya moto hupita kwa urahisi, yakipoa huganda ukutani mwa bomba, kisha punje za wali, majani ya chai na majivu ya kusugulia masufuria hunasa humo. Mafuta yaliyobaki yafutwe kwa karatasi au yamwagwe kwenye kopo la taka, na sinki liwe na kichujio. Likiziba, anzeni na mpira wa kusukumia, kisha mfungue kifuniko cha ile shingo huku ndoo ikiwa chini yake. Tindikali kali za kuzibulia huunguza macho na mikono, na zikichanganywa na dawa ya kufulia yenye klorini hutoa hewa ya sumu. Zisikae nyumbani mwenye watoto.

Tanki nalo lina haki yake. Lifunikwe barabara, bomba lake la kutolea maji ya ziada lizibwe kwa wavu mwembamba, na lisafishwe walau mara mbili kwa mwaka. Mbu wa homa ya dengue, iliyoitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupenda kutaga katika maji yaliyohifadhiwa majumbani.

Fundi na mwenye nyumba

Yapo ambayo familia isiyajaribu: bomba lililo ndani ya ukuta, kuchomea, na uvujaji wowote karibu na waya au chombo cha kuchemshia maji, ambapo umeme ukatwe kwanza. Fundi akija, aambiwe yaliyokwisha pimwa, naye aulizwe bei ya kazi na ya vifaa mbalimbali, kabla ya kuanza. Akimaliza, maji yafunguliwe na mita itazamwe naye akiwapo, na sehemu iliyofukuliwa isifukiwe mpaka ijulikane kwamba haivuji. Kisha alipwe ujira wake bila kuzungushwa, kama alivyotuusia Mtume (s.a.w.).

Tunapendekeza familia itenge nusu saa mwishoni mwa wiki hii. Mama, baba, watoto wakubwa na binti wa kazi wote watembezwe mpaka kwenye koki kuu, na kila mmoja aifunge na kuifungua kwa mkono wake, kwa sababu bomba halichagui kupasuka siku ambayo baba yupo. Namba za mita ziandikwe ukutani jikoni kila Ijumaa. Baada ya wiki chache nyumba itajua matumizi yake halisi, na siku namba zitakapopanda bila sababu, familia itakwenda pamoja kuitazama mita kabla mtu yeyote hajanyooshewa kidole.

Wallahu a'lam.